Kushuka Galana kwa mtumbwi: angalieni maji kabla ya kuhesabu kilomita

Swali: Sisi ni marafiki wanne wa Malindi, watatu wavuvi na mmoja fundi wa magari. Tunataka kushuka mto Galana kwa mitumbwi, tuanzie Maporomoko ya Lugard ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, tupite lango la Sala, tumalizie daraja la Sabaki. Tuna mitumbwi miwili ya mwembe. Tumepiga hesabu ya siku nne, na tunafikiria kwenda Desemba watoto wakifunga shule. Je, inawezekana? Ruhusa tuombe wapi, na tubebe nini? Yule fundi hajui kuogelea.

Jibu:

Ndugu yangu, safari hiyo inawezekana, ila si kwa mitumbwi hiyo, si Desemba, na si kwa siku nne. Nitakueleza moja baada ya jingine, kisha nikwambie mimi mwenyewe ningeipanga vipi. Kazi yangu ni kuongoza watu majini, kuanzia hori ya Mida huko Watamu hadi mlango wa Sabaki, na mto huu naupenda. Ndiyo maana nitakuwa mrefu kidogo.

Nianze na zile siku nne. Kutoka Lugard hadi baharini ni kama kilomita 160 ukipima kwa mstari ulionyooka, na mto wenyewe haunyooki hata mara moja. Mtumbwi wenye watu wawili na mizigo, kafi zikipigwa bila haraka, huenda kilomita nne au tano kwa saa pale mkondo ukiwa wa wastani. Najua mlivyofika kwenye siku nne: mmechukua saa tisa za kafi kila siku, mkazidisha. Saa tisa hizo hamtazipata. Mbugani mchana wa wageni ni saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na ndani ya muda huo mna hema la kung'oa asubuhi, mizigo ya kufunga, na kambi nyingine ya kusimamisha mapema jioni. Halafu kuna upepo. Galana unaelekea mashariki, na nyinyi wavuvi mnajua upepo wa kutoka baharini unavyoamka jua likipanda. Msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, unakuja na nguvu zaidi. Ikifika saa sita mchana mtakuwa mnapiga kafi usoni mwa upepo, jua liko utosini, na mtumbwi unasogea kwa shida. Mwongozaji mwenye busara huanza na mwanga wa kwanza na kutafuta kivuli kabla ya saa sita. Toa tena muda wa kusimama na kuwasubiri viboko waondoke njiani, au wa kushuka na kuvuka fungu la mchanga. Mkipata kilomita 20 kwa siku mmefanya vizuri. Kwa hiyo safari yote ni siku nane hadi kumi, na chakula, maji na ruhusa vipangwe kwa siku hizo.

Lakini hata siku kumi hazina maana kama hamkusoma maji. Mto huu unaanza kama Athi, kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi, unapita Ukambani, unaingia Tsavo na kukutana na mto Tsavo, na kutoka hapo unaitwa Galana hadi unapokaribia pwani na kuwa Sabaki. Hawa wawili wanaokutana wana tabia tofauti. Mto Tsavo unalishwa na chemchemi za Mzima, ambazo maji yake yanapenya kwenye miamba ya volkeno ya vilima vya Chyulu, kwa hiyo hata wakati wa kiangazi unaleta kitu. Athi unategemea mvua ya bara. Mvua ikinyesha Nairobi, Machakos na Makueni, maji yanakuja. Isiponyesha, Galana unabaki mpana, umejigawa vijimkondo vitano sita katikati ya mafungu ya mchanga.

Watu wengi huogopa mto uliofura na kuupuuza ule uliopungua. Mimi nauogopa wote, na nitakwambia kwa nini. Mto ukiwa mdogo, mtumbwi unakwama. Unasikia mchanga unakwaruza chini, mwenzako wa mbele anatia kafi kupima kina, kafi inasimama. Hapo mnafanya nini? Mnashuka, mnashika omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, mnavuta. Maji yako kwenye muundi au kwenye goti, na ni mekundu kwa udongo, huoni hata kidole chako cha mguu. Mnatembea hivyo hatua mia moja, mnapanda, mnapiga kafi kidogo, mnakwama tena. Sasa kumbuka kwamba mto ukipungua, mamba hawapungui. Wanakusanyika kwenye vidimbwi vilivyobaki na kwenye mifereji ile ile yenye kina ambayo na nyinyi mnaitafuta. Mamba halazimiki kuwa na maji mengi ili ajifiche. Maji ya goti yenye rangi ile yanamtosha. Ndiyo maana Galana mdogo, ambao mtu akiutazama kutoka kwenye mwamba anauona kama wa kuchezea, ndio unaowalazimisha watu kutembea ndani yake.

Mto ukifura, hatari ni nyingine. Maji yanabeba magogo na matawi ya mikoma, mkondo unakusukuma kwenye kona za nje ambako ukingo umebomoka na miti imelala majini, na hapo mtumbwi unapinduka kwa sekunde. Mwisho wa Aprili 2024, wakati wa mafuriko, mashua iliyobeba abiria ilizama kule Tana upande wa Garissa na watu wakafariki, na hao walikuwa ni watu wa kando ya mto, si wageni. Na mafuriko ya Galana yana ubaya mmoja zaidi: yanaweza kukukuta mbingu ikiwa safi. Mvua imenyesha bara juzi, wewe umelala Tsavo kwenye mchanga mkavu, nyota zimejaa, na maji yanapanda.

Kwa hiyo jioni, kabla ya kuwasha moto wa chai, kazi ya kwanza ni kuchomeka kijiti pale pale maji yanapogusa mchanga na kukikata alama. Kiangalieni kabla ya kulala, na kila anayeshika zamu usiku akimulike kwa tochi kutoka mbali, bila kuisogelea kingo. Alama ikizama upana wa vidole vinne, mnaamshana na kuhamisha mizigo juu. Asubuhi pia tazameni rangi. Maji yakigeuka mekundu zaidi ya jana, yakaja na povu na vijiti vidogo vingi, huo ni mguu wa mbele wa mafuriko, na siku hiyo hamuingii.

Sasa unaona kwa nini Desemba haifai. Mvua za vuli huanza Oktoba na huweza kuendelea hadi Desemba yenyewe, na mto wakati huo haueleweki. Mvua za masika ni Machi hadi Mei. Katikati yake kuna madirisha mawili. La kwanza ni kuanzia mwisho wa Juni hadi mapema Agosti, masika yakiwa yamekwisha na mto ukiwa unashuka taratibu lakini bado una kina. Ubaya wake ni kusi usoni. La pili ni Januari, mwaka ambao vuli ilikuwa nzuri. Mimi ningechagua la kwanza na kuamka mapema zaidi. Likizo ya Agosti mnaweza kuiwahi mwanzoni mwake. Na wiki moja kabla ya kuondoka, fuatilieni hali ya hewa ya Nairobi na Machakos kuliko ya Malindi. Mvua ikiwa kubwa huko, ahirisheni.

Mitumbwi yenu ya mwembe ni mizuri kwa kazi yake. Kwa safari hii ina makosa matatu. Tumbo lake ni la mviringo, kwa hiyo kiboko akitikisa maji tu inalala ubavu. Ukingo wake uko chini mno ukishapakia watu wawili na maji ya kunywa, na mtashinda siku nzima mkifua maji. Na ni mizito, hamtaibeba kuzungukia dimbwi la viboko. Mnahitaji chombo kipana chenye tumbo bapa, kinachobebwa na watu wanne: mtumbwi wa faiba wa watu wawili ulio mpana, au boti za mpira nene zenye vyumba kadhaa vya hewa, ambazo ndizo zinazotumiwa na watu wa maji makali. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha muda wote akiwa majini. Sisemi liwe karibu, nasema livaliwe na lifungwe. Chukueni kafi mbili za akiba, na pondo moja ndefu, yaani mti wa kusukumia, kwa kila chombo. Pondo ina faida kubwa Galana, kwa sababu unapima kina bila kushuka.

Hapa niseme habari ya viboko kwa kirefu, maana nyinyi ni watu wa bahari na bahari haina mnyama huyu.

Kiboko mzima ana uzito wa zaidi ya tani moja na mchana anaupitisha majini. Usiku anatoka kula nyasi, na alfajiri anarudi kwa njia ile ile. Njia hizo mtaziona: ni mifereji iliyochimbika kwenye ukingo, imelainika kwa kupitwa kila siku, inaishia majini. Msisimamishe hema karibu nazo, na msipumzishe mtumbwi mbele yake. Majini, kiboko haogelei kama mnavyodhani. Anatembea chini, anasukuma kwa miguu, na anafuata mfereji wenye kina. Anaweza kukaa chini ya maji dakika tano hivi. Kwa hiyo ukimwona anazama, usifikirie ameondoka. Hesabu dakika, na tazama mapovu yanaelekea wapi.

Watu walioifanya kazi hii kuwa taaluma ni waongozaji wa Zambezi ya chini, kule Mana Pools, mbuga ya Zimbabwe ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 1984. Wao hupeleka wageni kwa mitumbwi katikati ya viboko wengi sana, na mwongozaji lazima awe na leseni. Kanuni yao ya kwanza inatokana na tabia ile niliyoitaja: kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina. Basi wewe mwachie kina. Pita kwenye maji ya kifundo na ya goti karibu na ukingo wa ndani wa kona, kule mchanga ulipo, na kamwe usijiweke kati ya kiboko na maji marefu. Ya pili, mjulishe kwamba unakuja. Wanagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi, polepole, kabla ya kukata kona, ili aliye chini ainue kichwa na uone alipo. Kiboko unayemwona ana hatari ndogo kuliko yule uliyempandia mgongoni. Ya tatu, mitumbwi inakwenda kwa mstari mmoja, wa mbele ndiye anayesoma maji, na wa nyuma hachagui njia yake mwenyewe hata aone nini.

Lakini msiichukue Zambezi yote mkaileta Galana. Zambezi ni pana na ina bwawa la Kariba, lililokamilika mwaka 1959, ambalo linatuliza maji juu ya sehemu ile ya mitumbwi. Mtu wa huko akikutana na kundi la viboko ana nafasi ya kupita mbali. Galana kuna mahali mto mzima unajibana kwenye mfereji mmoja na viboko wamo ndani yake. Hapo hakuna ujanja wa kafi. Mnatoka, askari anatangulia, mnabeba chombo nchi kavu hadi mbele ya dimbwi. Mkifika mahali pa namna hiyo mara tatu kwa siku, basi ni mara tatu. Mpango wowote usiokuwa na muda wa kubeba chombo si mpango.

Kiboko akipiga miayo akiwaelekea, kinywa wazi kabisa, hana usingizi. Anawaambia mko karibu mno. Rudini nyuma taratibu bila kumpa mgongo, mpaka afunge kinywa na kugeuka. Na chombo kikipinduliwa na kiboko, kiacheni. Yeye ana ugomvi na chombo, si na nyinyi, kwa hiyo ogeleeni kuelekea ukingo ulio karibu. Hii ni kinyume cha mlichofundishwa baharini, ambako mtu hushikilia mtumbwi hata ukiwa umejaa maji, na ndiyo maana nawaomba mlizungumze kabla ya kuondoka, kila mmoja alitamke kwa mdomo wake.

Mamba hana maneno mengi. Msitie mkono wala mguu majini. Msichote maji mahali pamoja mara mbili, maana mamba anakariri. Choteni kwa ndoo yenye kamba, mkiwa mmesimama juu ya mwamba au ukingo mrefu. Hakuna kuoga mtoni. Na nyavu na mishipi viacheni nyumbani: kuvua mbugani ni marufuku, na samaki aliyepasuliwa kando ya maji anawaita wasiotakiwa.

Ndovu mtawakuta wakinywa na kuvuka, hasa kuanzia alasiri, na kwa kweli ndicho kitu kitakachowafanya msiisahau safari. Ndovu wa Tsavo wana rangi nyekundu ya udongo wa kule. Mkiwaona mbele, simameni upande upepo unakotoka kwao kuja kwenu, mkae kimya, waache wamalize. Kukiwa na ndama, ongezeni umbali mara mbili.

Sasa ruhusa. Tsavo Mashariki ilitangazwa mbuga mwaka 1948, ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na iko chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Mgeni wa kawaida haruhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa mahali palipotengwa, kama vile pale Lugard, seuze kuingia mtoni. Kwa hiyo tiketi ya kawaida ya kuingilia, ile mnayolipia kwa eCitizen, haiwapi haki ya kupiga kafi. Mnahitaji kibali cha maandishi kutoka kwa msimamizi wa mbuga, ofisi yake iko Voi. Barua iseme mko wangapi, tarehe, mnaanzia wapi na kutokea wapi, kila usiku mtalala wapi, chombo ni cha aina gani, nani ana uzoefu gani, na mtu akiumia atatolewaje. Ombeni na askari wenye silaha. KWS hutoa askari wa kuongoza wageni kwa malipo, na kwa safari hii hamuendi bila wao. Mkikataliwa sehemu fulani ya mto, msiibishie. Wao wanajua wiki hii mamba na viboko wako wapi. Mkivuka Sala mmetoka mbugani lakini hamjatoka kwenye ardhi ya watu: kando ya mto kuna ardhi ya Galana Kulalu na ranchi nyingine, na kuna vijiji. Pigeni hodi kwa chifu na wazee wa kila mahali mtakapolala. Na vyombo vyenu pelekeni KMA, mamlaka ya usafiri wa majini, hapa pwani vikaguliwe, kama mnavyofanya kwa mashua za baharini.

Niseme neno kuhusu mwanzo wenu. Lugard si poromoko moja la kudondoka. Ni mto mzima uliosukumwa ndani ya ufa wa miamba yenye mistari ya kijivu, nyeupe na waridi, maji yanajisokota na kupotea chini ya mawe. Mtu haanzii hapo, na juu yake ndiyo kabisa. Chini yake kuna pale panapoitwa Crocodile Point, na jina hilo halikutolewa bure. Mwanzo wa majini uwe mbele ya hapo, mahali askari atakapopaonyesha.

Mizigo sitaiorodhesha yote, mnajua kufunga mzigo wa majini. Nitaje tu yale ambayo mtu wa bahari huyasahau. Maji ya Galana hayanyweki kwa kuchemsha peke yake. Yanatoka Nairobi na miji mingine, na pamoja na udongo yanabeba maji taka. Shabu itayatuliza udongo ukashuka chini ya ndoo, na hayo ni ya kunawa na kuoshea vyombo. Ya kunywa yabebeni. Pigeni lita tano kwa mtu kwa siku, yaani mtungi mmoja wa lita 20 kila siku kwa watu wanne, bila kuwahesabu askari. Hizo ni kilo 20 kila siku, na ndizo zitakazoamua chombo chenu kinabeba nini kingine. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, kwa hiyo ni mitungi na chupa za kudumu. Jiko liwe la gesi. Chandarua na dawa za malaria msiziache. Simu msizitegemee, muulizeni askari kama redio yake inafika Voi kutoka kila kambi, na ikiwa haifiki mkodishe simu ya setilaiti. Hospitali za karibu ni Voi upande mmoja na Malindi upande mwingine, zote ni mbali kwa gari. Bima ya kubebwa kwa ndege, kama ile ya AMREF Flying Doctors, ni pesa iliyotumika vizuri.

Basi ningekuwa mimi, ningefanya hivi.

Mwaka huu nisingegusa maji ya mbugani. Ningeanza Mida, nikodi mitumbwi ya faiba kule Watamu, nijifunze kukigeuza chombo kile mkondo wa maji kupwa ukiwa mkali, na kukipindua makusudi na kutoka, mara nyingi hadi ichoshe. Mida haina kiboko wala mamba, ndiyo shule yenu. Kisha ningekwenda Tsavo kwa gari, nilale siku mbili kando ya mto, nisimame Lugard, niutazame Galana asubuhi na jioni, nizungumze na askari. Ukiutazama mto kwa siku mbili kutoka ukingoni, barua yako ya Voi itaandikwa na mtu anayejua anachoomba.

Baada ya hapo, Julai, ningeshuka sehemu ya chini: kutoka Baricho, penye visima vinavyopeleka maji Malindi na Mombasa, hadi daraja la Sabaki, kwa siku mbili au tatu. Nisidanganye, viboko na mamba wapo huku pia, na watu wa vijijini wanadhurika. Lakini kuna nyumba, kuna njia za kutokea, na kuna wavuvi wa mto ambao wanalijua kila dimbwi. Mmoja wao akae mbele ya chombo cha kwanza, alipwe vizuri, na neno lake liwe la mwisho. Sehemu hii wengi wanaidharau kwa sababu haina ndovu, na mimi naona wanakosea. Utapita Jilore na ziwa lake, mashamba ya mahindi na maembe, na ukingo wa kaskazini ambao Wagiriama waliamriwa na Waingereza kuuhama mwaka 1914, wakakataa. Ni mto wa kwetu huu. Udongo unaouona ukiteremka na mtumbwi wako ndio unaofika ufuoni Malindi na kuyafanya maji ya bahari kuwa ya kahawia.

Malizieni darajani, upande wa kusini. Msishawishike kuendelea hadi baharini. Mlangoni kuna ndege wengi wa kupendeza, na heroe pia, lakini viboko wamo hadi huko, na Julai mawimbi ya kusi yanapasuka kwenye fungu la mlangoni wakati mkondo wa mto unawasukuma nje. Mkitaka kuuona mlango, kodini kijana wa Sabaki anayetembeza watazama ndege, mwende kwa miguu wakati maji yamekupwa.

Mkiimaliza sehemu hiyo salama, mwaka unaofuata pelekeni barua Voi kwa ajili ya kipande cha mbugani hadi Sala. Tafuteni mwongozaji wa maji makali awe kiongozi. Safari za namna hiyo zimewahi kufanywa Athi na Galana na watu wa fani hiyo, na uzoefu wao hamtaupata kwa kusoma jibu langu.

Nimebakiza fundi wenu. Asiyejua kuogelea asiingie mtoni, hata akiwa na jaketi, na hilo halina majadiliano. Lakini mnamhitaji kuliko mnavyodhani. Barabara ya Malindi hadi Sala inakwenda upande wa kusini wa mto kwa sehemu kubwa. Mpeni gari lenye uwezo wa kupita mchangani, mitungi ya maji, chakula cha siku mbili mbele, sanduku la dawa na ratiba iliyoandikwa: saa ngapi mnatarajiwa wapi. Ndani ya mbuga naye aombewe kibali katika barua ile ile, ajue ni njia zipi zinazoshuka hadi ukingoni. Kubalianeni kabisa kwamba mkichelewa saa mbili bila habari, yeye hatawatafuta peke yake, atampigia askari wa zamu. Na akishapata nafasi, kabla ya Julai, mpelekeni Mida kila Jumamosi mumfundishe kuogelea.